Neema Amewafundisha Mameneja Wangu

Ijumaa. Jua kali, vumbi mpaka kwenye kope. Nimerudi nyumbani mapema na sina hamu ya kuongea na mtu, kwa hiyo naandika.

Nina wivu. Niseme tu.

Miaka tisa mimi ndiye niliyekuwa nawafundisha mameneja wa mgodi wetu namna ya kupanga miradi ya vijiji. Wiki hii kampuni imemleta Neema, binti wa kuniamkia shikamoo, awafundishe yeye. Mimi nikaambiwa nikae na wanafunzi. Siku mbili ukumbini hapa Masumbwe nilikuwa namtafutia kosa. Nilipolikosa nikaanza kuchukia viatu vyake.

Leo ametupeleka kijijini. Magari ya kampuni tumeyaacha barabarani, na akatukataza kutaja mradi wowote mpaka wenyeji wautaje wao. Tukakuta wanawake wanakata viazi vitamu vipande vya kuanika juani viwe michembe, Neema akaomba visu. Meneja wa mitambo, mtu mzito yule, akakaa kwenye kigoda anamenya viazi, wanawake wakimcheka kwa maganda yake manene. Mimi nikawa nasubiri Neema aumbuke.

Hakuumbuka. Katikati ya vicheko, bila kuulizwa, mmoja wa wanawake wale, Mama Shija, akaeleza kwa nini ile nyumba ya wajawazito kusubiria kujifungua, pale zahanati, iko tupu. Haina jiko. Mjamzito haendi peke yake, anakwenda na mama mkwe, na mama mkwe hawezi kukaa wiki mbili mahali asipoweza kusonga ugali. Basi wanabaki nyumbani mpaka uchungu uanze, na wengine wanajifungulia njiani.

Nyumba ile ni mradi wangu. Kila mafunzo nilikuwa naonyesha picha yake.

Nikamuuliza Mama Shija, nikijikaza nisionyeshe hasira, mbona hakuniambia siku zote hizi.

"Mayu, mama yangu, wewe ulikuja na mchoro tayari," akasema, huku anaendelea kukata. "Ukatuuliza tu kama tumefurahi."

Mameneja wote wakainamia viazi vyao. Neema naye akainama. Angenitazama kwa huruma nisingemsamehe.

Bosi anataka maoni yangu Jumatatu: mafunzo ya mameneja yarudi kwangu au apewe Neema moja kwa moja. Nilishayaandika tangu jana. Hana uzoefu, hajui Kisukuma, mameneja hawamsikilizi. Leo nimeyasoma tena nikaona aibu.

Nimefuta yote. Nimeandika apewe Neema, na jiko lijengwe kabla ya mradi mwingine wowote. Nikatuma haraka, maana najijua.

Kisha nimelia. Natamani niandike kwamba nimewalilia wale waliojifungulia njiani. Hapana. Nimelilia nafasi yangu.