Mtaro wa Mama Njeri

Jumanne, 11 Machi 2008
Asubuhi yote juu ya bati. Matundu nimeziba kwa lami. Mke wangu Mwende amepandisha kila kitu kitandani, hata jiko. Upande wa Ngong mawingu ni meusi. Bado mtaro. Katika ploti yetu hapa mtaa wa Laini Saba, kila mtu huchimba mbele ya mlango wake tu. Ukionekana na jembe mbele ya mlango wa mwenzako, maana yake unakitaka chumba. Januari vyumba vitatu vilichukuliwa hivyo. Kwanza jembe, halafu kufuli mpya.

Alhamisi, 13 Machi
Nimemaliza wangu, kina cha magoti. Nikajisifu kama mjinga. Unaishia kwenye mtaro wa Mama Njeri, jirani aliyekimbilia Kawangware na watoto wake wakati wa vita vya baada ya uchaguzi. Wake umejaa taka, hakuna aliyeugusa. Maji yakikwama hapo yatarudi kulowesha ukuta wa udongo kati ya vyumba vyetu. Ukianguka, hatuna nyumba. Mwende anasema chimba. Siogopi mvua. Naogopa watu.

Ijumaa, 14 Machi
Matone ya kwanza. Sijachimba. Mwende hanisemeshi.

Jumamosi, 15 Machi
Nimechimba. Asubuhi, mbele ya macho ya watu. Vijana wa kona wakaja, wale wale wa mapanga ya Januari. Mkubwa wao akasimama juu ya mtaro.

"Mzae, unachimbia nani hapa? Huyo si alienda?"

"Nachimbia maji. Yakikwama hapa yanaingia kwa mathako."

Mathako, yaani mama yake, anakaa mlango unaotazamana na huu. Kijana akaniangalia, kisha akaondoka. Nikajua nimekwisha. Akarudi na sepetu. Tulichimba pamoja.

Saa nane mbingu ikafunguka. Nimezaliwa Kitui, mvua kwetu hushangiliwa, lakini hii sijawahi kuiona. Bati lilinguruma hadi sikusikia sauti yangu nikiomba. Mto wa kahawia ukapita mlangoni na ndoo, viatu, mlango mzima wa mtu na kuku amesimama juu yake. Ukapanda hadi ukingo wa mtaro. Ukabaki hapo. Muda wote nimeushika ukuta kwa viganja, eti mimi ndiye ninauzuia. Haukuanguka. Mungu ni mkubwa, nasi ni wadogo sana.

Jumapili, 16 Machi
Jua. Tumeanika blanketi. Kila mtu anaongea polepole.

Jumatano, 19 Machi
Mama Njeri amekuja mchana na kaka yake kuchukua godoro. Alipouona mtaro umechimbwa uso ulimbadilika. Nilielewa. Nikamwambia hatukitaki chumba, Mwende naye akamwambia. Akamwachia kaka yake godoro, akanigeukia.

"Najua, Baba Kioko. Lakini mimi sirudi."

Akanipa ufunguo. Niliupokea kwa mikono miwili, nikiona aibu ambayo sijui ni ya nani. Jirani wa miaka sita.

Saa kumi mvua ndogo. Nimefungua kwake kuangalia kama panavuja. Hapavuji. Upande wake wa ukuta sikuwa nimeuona tangu mwaka jana. Kumbe kabla ya Krismasi alikuwa ameukandika upya kwa udongo, unene wa kiganja, toka chini hadi juu. Ndiyo maana haukuanguka. Alama za vidole vyake bado zipo. Nimekaa humo hadi mvua ikaisha.