Nani Kakwambia Nilifungiwa?

Riziki,

Nani kakwambia mimi nilifungiwa? Taja jina lake. Kama ni mimi, nionyeshe mdomo niliosemea. Kama ni mwalimu wako wa chuo, basi alikuwako nyumbani kwangu siku zile nami sikumwona, aje anisalimie. Na kama ni kichwa chako mwenyewe, basi umenikosea adabu, mtoto wewe, na hata salamu sijakupa bado.

Haya, assalamu alaikum. Sikulelewa kumnyima mtu salamu hata nikiwa nimemkasirikia. U hali gani? Baba yako mgongo umempoa? Mimi huku Taru ni mzima, alhamdulillahi, ila vumbi lanifuata mpaka ndani ya chai. Shangazi yako amejifungua mtoto wa kike, mzuri, ana sauti kama muadhini. Niko naye mpaka atoke arubaini. Yumo ndani, anakandwa, analetewa uji, hatoki. Mwandikie na yeye hadithi basi, useme nimemtia jela.

Rafiki yako yule wa bara, Chebet, alishuka hapa juzi akienda kwao likizo. Msichana ana adabu, kaniletea leso. Kuniona tu machozi yakamtoka, akanishika mikono yote miwili.

"Shosho, pole sana kwa yale ulipitia."

"Nimepitia wapi, mwanangu? Sijatoka hapa mlangoni tangu asubuhi."

"Kule kufungiwa, ulipofiwa na mzee. Riziki alitusomea hadithi yako darasani. Karibu wote tulilia."

"Mkimlilia nani?"

"Wewe, shosho."

"Nami niko hai?"

Akajifuta machozi. Nikamuuliza kama anayo hiyo hadithi. Akasema imo kwenye simu, na kwamba chuo kitaichapa kitabuni, na majina yetu yamo. Nikamkalisha mkekani, nikamwambia asome na asiruke mahali. Akasoma. Shangazi yako akacheka kitandani mpaka nikamkataza, asije akajiumiza.

Riziki, umeniweka kwenye chumba kisicho na dirisha. Chumba changu kina madirisha mawili, na moja linatazama uani kwa jirani. Habari zote za kwetu Msambweni nilizipatia hapo. Umeniwekea na paka analia nje. Paka gani? Babu yako alikuwa hapatani na paka. Halafu unasema nilinyamazishwa. Na nani? Muulize baba yako kama kuna siku nimenyamaza.

Hayo ningeyasamehe. Najua hadithi hutiwa chumvi, hata mimi hutia. Lakini umeandika kwamba wifi yangu, bibi yako Mwanakombo, alisimama mlangoni kama askari jela nisipate kutoka. Hapo ndipo uliponichoma.

Sikiliza. Hata matanga hayajaisha vizuri, wale nduguze babu yako wawili walikuja wakitaka tuzungumze habari za shamba la minazi, na mnunuzi wao wameshamkalisha barazani. Mimi nimo eddani, mjane wa siku chache, nimevaa nyeupe, kichwa kizito. Ningeambiwa tia kidole hapa, ningetia. Mwanakombo, dada yao wa tumbo moja, akasimama mlangoni, mkono huku na mkono huku, akawaambia, "Mwenye edda haonwi na wanaume, wala hazungumzi mashamba. Rudini akitoka." Wakamwita msaliti. Wakamtukania mama, na mama mwenyewe ni wa wote! Hakuondoka. Miezi minne na siku kumi, kila wakija wanamkuta pale pale. Mpaka leo nduguze hawamwaliki harusini. Na minazi ile ndiyo inayokusomesha wewe.

Ulikuwa mdogo, ukicheza ukumbini, ukaona mlango umefungwa na mwanamke kauziba. Uliona kweli. Ila hukuuliza alikuwa akimzuia nani. Likizo iliyopita umekaa nami, ukaniuliza mapishi, ukaniuliza nyimbo, hili hukuuliza.

Tena mimi nilipumzika humo ndani. Tangu niolewe sikuwahi kukaa kitako nikaletewa chakula. Wanawake walikuja tukasuka ukili wa mikeka, tukapiga soga, tukacheka mpaka Mwanakombo akatugombeza kwamba huu ni msiba. Kulia nililia. Nilimlilia babu yako. Machozi yale yalikuwa yake, wewe umemnyang'anya ukaupa mlango.

Na usiniambie ndivyo mnavyofundishwa. Baba yako alipotaka ukasomee mambo ya hoteli upate kazi Diani, nani alibishana naye? Nilisema mtoto anataka hiyo fasihi ya kisasa, ya watu wa kila kabila na kila nchi, mwacheni akajue mambo ya watu. Sasa wenzako wanajuaje mambo yetu isipokuwa kwako? Ukiwapa uongo wataubeba hivyo hivyo. Chebet aliubeba mpaka akaninunulia leso.

Kuandika sijakukataza. Pale uliposema ninavyofunga ushungi nilijiona, hata nikajishika kichwani. Ndiyo maana nimezidi kukasirika.

Msalimie baba yako, na mama yako, na fundi cherehani jirani yetu. Mwalimu wangu wa ngumbaru mwambie herufi zikionekana zimelala ni hasira, sijasahau alichonifundisha.

Barua hii unaletewa na mchuuzi wa mbuzi anayeshuka Kona ya Musa. Ukishaisoma usinipigie simu, sitashika. Chukua hadithi yako uende kwa bibi yako Mwanakombo. Mpe shikamoo, keti chini, umsomee yote kwa mdomo wako mwenyewe, na ukifika pale pa askari jela usipunguze sauti. Atakalokwambia, limeze. Kisha andika upya, na asipolikubali neno, neno hilo lisifike kwa mwalimu wako. Vaa buibui lako, ondoka sasa hivi.

Bibi yako mzaa baba,
Mwanahamisi