Mkunjo Nyuma ya Kabati

Ndugu yangu, naondoka. Geti nimeshalipita, begi begani.

Msimamizi kanifukuza mbele ya mteja! "Mzee, umeunga vibaya, mwanga unapotea!" Mimi! Niliyeunga nyuzi za kioo za intaneti tangu yeye ananyonya!

Nikapima. Wimbi fupi la mwanga, nanomita 1310, safi. Wimbi refu, 1550, desibeli nne za mwanga zimepotea. Kiungo kibovu hupoteza mwanga kwenye mawimbi yote mawili; ukipotea kwenye refu peke yake, ujue waya umekunjwa.

Nikachungulia nyuma ya kabati la mitambo: waya umebanwa hadi ukakunjika. "Nani kaubana hivi?" nikauliza kwa sauti.

Kumbe ni msimamizi mwenyewe, eti upendeze!

Nikakata kamba ya plastiki iliyoubana, mteja anatazama. Mwanga ukarudi wote. Jasho lilimtoka msimamizi, nami nikalifurahia, sikufichi.

Msimamizi kapelekwa stoo. Mteja ana mtandao. Bosi wake aliniomba nibaki, nikakataa.