Chai ya Rangi ya Nafula

Mjukuu wangu Nekesa,

Hapa Bungoma tuko wazima, na ng'ombe wa babu yako amezaa. Katika barua yako unauliza mbona wasichana wenzako wa bweni wanampenda mwenzako wa chumbani kuliko wewe, na wewe ndiye unayewapikia.

Miaka ya themanini tukikaa Kitale, wageni wakija nilichinja kuku. Wakishashiba, walienda kwa jirani yangu Nafula kunywa chai. Tena chai ya rangi, bila hata maziwa! Wivu ulinichoma. Nikamuuliza shemeji yangu, "Kwani kuku wangu hana chumvi?"

"Si chumvi, shemeji. Nafula anaketi na sisi. Wewe tunakuona mgongo tu, uko jikoni."

Mpaka leo namwonea wivu. Lakini ukija Disemba, sitagusa sufuria mpaka umalize habari zako zote.

Kukhu, nyanya yako