Mabil Alivyopinduka Turkwel

Nyibol, sikia vile huyo kocha Guy amemfanyia Mabil leo hapa mtoni Lodwar!

Alikuwa anamfunza kayaki, ule mtumbwi mwembamba wa mtu mmoja. Kufika kwa zile fito mbili za kupita katikati, Mabil akaegemea kule maji yanatoka, vile sisi hufanya tukivuka mto kwa miguu. Kayaki ikapinduka hapo hapo.

Guy akacheka mbele ya watu wote! "Ng'ombe wewe! Kwa kayaki mtu huegemea kule maji yanaenda!"

Ng'ombe, Nyibol! Amemwita ng'ombe!

Kisha Guy mwenyewe akaingia kwa miguu kunyoosha fito. Kwa mazoea yake ya kayaki, akaegemea kule maji yanaenda. Mto ukamzoa!

Mabil, ashatoka majini, akamdaka mkono kutoka ukingoni, lakini hakumvuta. "Kocha, ng'ombe ni nani?"

Akangoja.

"Ni mimi."

Ndipo akamtoa.