Masika wawili, na mimi niliyemsingizia Kavira

Butembo, Jumatano. Mvua imekatika saa nane, mtaa wetu wa Mususa wote ni matope. Moyo wangu nao umechafuka.

Wiki tatu zilizopita, mama mmoja aitwaye Masika alitoka kijijini Luofu kuja kupasuliwa jicho kwenye zahanati ya hapa. Zahanati inatumia programu niliyoiandika mimi. Jina lake halikuwemo kwenye orodha, wakamrudisha. Daktari mkuu akamshuku Kavira wa mapokezi kuwa amelifuta. Nikaitwa. Mbele ya watu wote nikasema, tena kwa kiburi: "Docteur, machine haikoseake."

Kavira akafukuzwa siku ileile.

Leo asubuhi jina jingine limepotea, na mapokezi yuko mtu mwingine. Basi hakuwa Kavira. Safari hii nilikuwa nimewasha kile chombo kinachorekodi kila hatua ya programu, kisha kinakuruhusu kuiendesha kinyumenyume. Nimeanzia pale jina lilipokosekana, nikarudi nyuma hatua kwa hatua, nikitafuta ni nani aliyeligusa mwisho.

Ni mimi. Mistari minne niliyoiandika kwa haraka: majina mawili yakifanana na mwaka wa kuzaliwa ukifanana, hesabu ni mtu mmoja, futa moja. Ndivyo Masika wa Luofu alivyofutwa, kwa kuwa orodhani kulikuwa na Masika mwingine.

Yaani mimi, Mnande! Kwetu mtoto hupewa jina kufuatana na mpangilio wa kuzaliwa, kila nyumba ina Masika wake. Darasani kwetu tulikuwa akina Kambale watano. Mgeni angekosea hivyo ningemcheka hadi Beni.

Kurekebisha kumechukua dakika kumi. Nimeona aibu hata kwa ule wepesi wake.

Masika wa Luofu amepata nafasi Beni, Ijumaa, hilo daktari amelipanga leo kwa simu baada ya mimi kumweleza kosa langu. Kuhusu Kavira ameniambia tusiliamshe tena, nafasi ya mapokezi imeshajazwa. Nakiri: kwa dakika nzima nilifurahi kusikia hivyo.

Kisha nikampigia Kavira. Nilieleza yote, vibaya, nikirudia maneno. Hakunitukana. Ningependa angenitukana.

Alisema tu: "Kambale, kuya uambie mama yangu kwanza. Tangu ile siku hanisadiki. Anasemaka machine haiwezi kudanganya mutu."

Kesho asubuhi nitasimama zahanati, mbele ya walewale, niseme ni mimi. Lakini sasa hivi naenda kwao. Pikipiki inaningoja nje, na sijui nitamtazamaje yule mama.