Kifua cha Silvester

Kalenga, 9 Machi 1957

Mdogo wangu Bartholomeo,

Pokea salamu za kaka yako. Hujambo huko Mbeya, na shemeji je, na baridi yenu? Mimi mzima, isipokuwa pumzi. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Mwalimu sikumwita, mdomo wake hauna kufuli.

Watu wa hapa wamezidi ujinga kuliko ulivyowaacha. Unajua mwaka jana Padri alinipeleka Nairobi nikachomwa na mashine ya eksirei. Nilirudi nikakaa miezi minne vizuri, nagema ulanzi mianzi sitini, asubuhi na jioni. Kijana gani hapa ananifikia? Kisha kikaja kikohozi kikavu, na pumzi ikawa fupi, hata kilima cha kisimani sasa nakaa chini mara tatu. Basi wakasema kifua kikuu. Ulanzi niliougema mimi wanapokezana kwa kata moja, ikifika kwangu wananiruka. Saulo wa jirani, ambaye hajawahi kukata mwanzi ukatoa hata tone, akaniletea kikopo cha bati. Akasema, "Baba, hiki chako, usichanganye na cha watu." Nikakinyweshea mbwa.

Hayo nayaweza. Lakini mkwe wangu Liberatus, mwoga kama kuku, amemhamishia Esta na watoto Ipogolo. Amesema hawakanyagi hapa mpaka nipone au nife. Esta alilia, akapanda lori hivyo hivyo. Mwanangu mmoja tu huyo.

Daktari wa misheni amenipima makohozi mara tatu, kifua kikuu hakuna. Anasema ile mashine iliunguza na pafu lililo chini ya hapo waliponichoma, limekakamaa, halitalainika tena, ila haliambukizi mtu. Ameandika kwa Kizungu, karatasi iko humu. Ningewapiga nayo usoni wote. Siwezi, maana ugonjwa wenyewe ameutaja.

Nilipokwenda Nairobi niliwaambia watu ni jipu la mbavuni. Niliwadanganya, hata Esta. Ilikuwa kansa ya titi, Bartholomeo. La kushoto, wamelikata. Mimi Silvester, ugonjwa wa wanawake! Nikaona heri wanikimbie kwa kifua kikuu kuliko wanicheke. Sasa daktari anasema pumzi hii haitanifikisha mbali, na wajukuu sijawaona tangu Krismasi.

Nenda Ipogolo, umsomee Esta hiyo karatasi yote. Liberatus mtoe nje kwanza. Yeye inatosha aambiwe haiambukizi, akibisha shauri yake.

Shemeji msalimie sana, lakini usimwambie.

Ndimi kaka yako,
Silvester